Uzoefu wangu: swali la Mpemba kama zoezi la maabara mwaka wa kwanza

Profesa wa fizikia hupimwa kwa mambo mawili, vipindi anavyofundisha na makala anazochapisha, na maabara ya mwaka wa kwanza hula muda wa yote mawili. Kilichonisaidia ni kupunguza mazoezi ambayo jibu lake linajulikana mapema. Ukimpa mwanafunzi penduli apime mvutano wa dunia, jibu la 9.8 analijua kabla hajafunga uzi, na namba zake zitasogezwa hadi zifike hapo. Nafasi hiyo nimeipa swali ambalo wataalamu bado wanabishana juu yake: je, maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji ya baridi?

Swali lenyewe ni la kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia kwenye friji ungali moto ukiganda kabla ya wa mwenzake. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Walitumia sentimita za ujazo 70 za maji katika bika (vikombe vya kioo vya maabara) za sentimita za ujazo 100, juu ya kipande cha povu jeupe (polistireni), ndani ya sehemu ya barafu ya friji ya nyumbani. Maji yaliyoanzia karibu nyuzi 25 ndiyo yaliyochelewa zaidi kuanza kuganda. Ya nyuzi 90 yalitangulia. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walirudia vipimo kwa uangalifu wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha. Kwa hiyo mwanafunzi hana pa kunakili jibu, na hapo ndipo zoezi linapoanza kuwa utafiti.

Kabla ya kuwasha chochote, kila kikundi cha watu wanne huandika kwa kalamu kwenye daftari lao: tunaposema "yameganda" tunamaanisha nini? Zipo maana tatu zinazopimika, na zinatoa majibu tofauti: maji kufika nyuzi 0, kipande cha kwanza cha barafu kuonekana, au bika yote kuwa barafu. Kikundi kinachagua moja na hakiruhusiwi kubadili baada ya kuona grafu. Sheria hii peke yake imenipunguzia mabishano mengi.

Kisha hesabu ya karatasi. Kwa gramu 70, kushusha maji kutoka nyuzi 25 hadi 0 kunahitaji kuondoa kilojuli 7.3, kutoka 90, kilojuli 26.3. Kugandisha kwenyewe ni kilojuli 23.4 kwa vyote viwili. Jumla ni takriban 31 dhidi ya 50. Mwanafunzi akishaona pengo hilo, anaelewa kwamba maji ya moto yakitangulia lazima kuwe na sababu ya kutafutwa, au kuna kosa mahali. Mara nyingi ni kosa.

Vifaa ni vya kawaida: friza ya kifua, bika zinazofanana za mililita 100, mizani inayosoma gramu 0.01, povu jeupe lile linalofungiwa televisheni mpya, na sensa za joto za DS18B20 zilizounganishwa na Arduino (bodi ndogo ya kompyuta inayosoma na kurekodi vipimo). Sensa zote zinakaa kwenye waya mmoja wa data, na rezista (kipande kinachozuia mkondo wa umeme) ya kilo-om 4.7 kati ya waya huo na umeme chanya. Ukiisahau, usomaji haupatikani au unakuja ovyo. Usahihi wa kiwandani ni nusu nyuzi juu au chini, tena hadi nyuzi 85 tu, kwa hiyo usiziamini zilivyo. Zichovye zote pamoja kwenye barafu iliyopondwa inayoyeyuka, koroga, subiri zitulie, kisha andika kila moja inasoma nini. Tofauti yake na 0, joto la barafu inayoyeyuka, ndiyo utakayoitoa kwenye vipimo vyote.

Sensa zifungwe kwenye kijiti kilichopitishwa juu ya bika ili ncha zote ziwe kwenye kina kimoja. Jambo hili nalitilia mkazo kuliko mengine yote. Maji ni mazito zaidi karibu na nyuzi 4. Juu ya hapo ya baridi huzama, chini ya hapo ya baridi zaidi hupanda. Kwa hiyo ndani ya bika moja sehemu ya juu na ya chini hazifiki nyuzi 0 kwa wakati mmoja. Burridge na Linden walionyesha kwamba sensa zikipishana sentimita 1 tu kwa kina, unaweza "kuliona" jambo la Mpemba ambalo halipo.

Povu si pambo. Bika ya moto ikiwekwa juu ya jalidi ya friza huiyeyusha, kisha inakaa juu ya maji yanayopitisha joto vizuri, wakati ya baridi inabaki juu ya jalidi iliyojaa hewa. Hapo unapima sakafu ya friza badala ya maji.

Uvukizi upimwe kwa mizani: kabla, na tena mwishoni. Kama maji ya nyuzi 90 yangepoa hadi 25 kwa uvukizi peke yake, yangepoteza karibu gramu 8 kati ya 70. Kwa kuwa joto jingine hupitia kuta za bika, upungufu wa hatua hiyo lazima uwe chini ya hapo. Kikundi kinacholeta zaidi sana ya hapo huenda kimemwaga. Jaribio la pili lifanywe bika zikiwa zimefunikwa kwa nailoni. Maji yote yachemshwe kwanza, hata yatakayopozwa hadi 25, ili hewa iliyoyeyuka ndani isiwe tofauti. Walio nyanda za juu wakumbuke kwamba Iringa maji huchemka karibu nyuzi 95.

Je, bika ya moto na ya baridi zikae pamoja kwenye friza? Zikikaa pamoja, ya moto inapasha jirani yake na kuamsha kompresa, mashine inayopoza friza. Zikitenganishwa, friza haianzi katika hali ileile kila mara. Sina njia safi. Huwa nafanya zote mbili, nabadilisha nafasi za bika kwa kupiga kura, na kuacha sensa moja hewani ili kompresa inapowaka na kuzima ionekane kwenye grafu. Umeme ukikatika, mfululizo huo unafutwa wote, hata kama ulikuwa umebaki kidogo.

Kitu kitakachowashangaza wengi ni maji kushuka hadi nyuzi 4 au 5 chini ya sifuri bila kuganda, kisha kuruka ghafla hadi 0 barafu inapoanza. Sensa haijaharibika. Kuruka huko hutokea kwa bahati, kwa sababu ya chembe ya vumbi au mkwaruzo wa kioo, ndiyo maana bika moja dhidi ya moja haithibitishi chochote. Nataka angalau marudio kumi kwa kila joto, yakigawanywa kati ya vikundi, na wastani uandikwe pamoja na mtawanyiko wake.

Kwenye alama, jibu la "ndiyo" au "hapana" halipati kitu. Nusu ya alama iko kwenye sehemu ya makosa ya vipimo, robo kwenye daftari, iliyobaki kwenye grafu na maelezo. Faili za vikundi vyote huhifadhiwa kwa mpangilio mmoja: tarehe, namba ya sensa na sahihisho lake, uzito wa mwanzo na wa mwisho, nafasi kwenye friza, kama bika ilifunikwa, na maana ya "kuganda" iliyochaguliwa. Mwanafunzi wa uzamili anayekuja kuzichambua asipoiona safu hiyo ya mwisho, hawezi kuunganisha semista moja na nyingine.