Springi za Bastola Ndogo Hubadilishwa kwa Ratiba, na Hubadilishwa Pamoja

Wamiliki wengi wa bastola ndogo huusugua mtutu kwa bidii, hupaka mafuta pale panapostahili, kisha huirudisha silaha sefuni bila kuzifikiria springi zilizomo ndani yake mpaka siku itakapokwama. Mimi naona huo ni utunzaji wa nusu. Katika bastola ndogo springi ndiyo kiungo kinachochoka mapema kuliko vingine vyote, na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kazi inayoifanya, kwa hiyo sioni sababu ya kuisubiri ishindwe ndipo ibadilishwe. Zaidi ya hapo, nashikilia kwamba springi ya slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma na mbele, na zile za magazini, yaani kasha la risasi linaloingia kwenye mpini, hazina budi kutazamwa kama timu moja, kwa kuwa ukiigusa moja umeigusa na kazi ya mwenzake.

Ili hoja hiyo ieleweke, inafaa tufuate kinachotokea risasi moja inapofyatuliwa. Risasi ya milimita 9 kwa 19, ambayo ndiyo inayotumika zaidi katika bastola za aina hii, huruhusiwa kufikia mgandamizo wa takriban bar 2,350 ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Nguvu hiyo huisukuma slaidi nyuma ikiwa imefungamana na mtutu, vikasafiri pamoja kwa milimita chache tu, kisha mgandamizo ukiwa umeshuka, sehemu ya nyuma ya mtutu huinama na kuachana na slaidi. Huo ni utaratibu alioubuni John Browning, na bastola nyingi za leo zinaufuata. Slaidi huendelea na safari peke yake, ndoano huling'oa ganda tupu kutoka kwenye chemba, ganda hurushwa nje, na springi hubanwa mpaka mwisho wa safari. Kuanzia hapo kazi yote ni ya springi: kuirudisha slaidi mbele, kuichopoa risasi mpya kutoka kwenye magazini, kuiingiza katika chemba, kisha kuufunga mtutu barabara, yote hayo katika sehemu ndogo sana ya sekunde.

Sasa punguza urefu wa bastola hiyo bila kuibadilisha risasi. Mtutu wa bastola ya Glock 17 una milimita 114, wa Glock 19 una 102, na wa Glock 26 una 87, ilhali zote tatu hutumia risasi ile ile yenye nguvu ile ile. Slaidi iliyofupishwa ni nyepesi zaidi, na kwa hiyo hurudi nyuma kwa kasi kubwa zaidi. Nafasi ya kuipunguzia kasi hiyo nayo imepungua. Springi basi inatakiwa ifanye kazi kubwa zaidi katika chumba kidogo zaidi, na njia ya kwanza ya kulitimiza hilo ni kuifanya iwe ngumu. Ukoo wa bastola za Kimarekani za M1911 unalionyesha jambo hili waziwazi: bastola yenye mtutu wa milimita 127 hufungwa kwa kawaida springi ya ratili 16, yaani kama kilo 7, toleo fupi la Commander lenye mtutu wa milimita 108 hutumia ratili 18, na toleo fupi zaidi la Officer's ACP lenye milimita 89 huhitaji takriban ratili 22.

Lakini ugumu peke yake hautoshi, kwa sababu waya wa springi una unene, na mizunguko yake ikishagusana hakuna tena kinachoweza kubanwa. Springi ikifikishwa huko kila mara, chuma chake huvutwa kupita kiwango ambacho kinaweza kurejea katika umbo lake la awali. Ndiyo maana wabunifu wa bastola fupi wamegeukia waya bapa, ambao mizunguko yake hukaa katika nafasi ndogo inapobanwa, au springi mbili zilizovikwa moja ndani ya nyingine juu ya mhimili mmoja. Glock 26 ilikuwa na mpango huo wa springi mbili tangu mwanzo, na Glock 19 ikaupata katika kizazi chake cha nne mwaka 2010. Ni ubunifu mzuri ulioongeza sana umri wa springi, ingawa haukuiondoa haja ya kuzibadilisha.

Kinachoichosha springi ni mizunguko ya kubanwa na kuachiliwa, hasa inapobanwa karibu na kikomo chake. Watu wengi huogopa kuiacha magazini ikiwa imejazwa risasi kwa miezi mingi, na hofu hiyo nadhani imepewa uzito kuliko inavyostahili: springi iliyotengenezwa vizuri na kubanwa ndani ya mipaka yake hukaa hivyo muda mrefu bila kupoteza nguvu ya maana. Magazini inayojazwa na kumalizwa kila wiki uwanjani huchoka kabla ya ile inayolala imejaa. Tahadhari ninayoikubali ni kwamba baadhi ya magazini za bastola ndogo zimebuniwa ziingize risasi nyingi iwezekanavyo katika mpini mfupi, kwa hiyo springi zake hubanwa karibu kabisa na mwisho, na hizo zinahitaji kukaguliwa mapema.

Hapa ndipo nirudi kwenye suala la timu, ambalo kwangu ndilo kiini cha jambo lote. Springi ya slaidi ikiwa ngumu, slaidi hurudi mbele kwa haraka, na springi ya magazini inapaswa kuwa imekwisha kuinyanyua risasi inayofuata kabla slaidi haijafika juu yake. Ikichelewa, slaidi hupita juu ya risasi na kufunga chemba tupu, au huigonga risasi ingali imeinamisha pua na kuisokomeza kwenye ukingo wa magazini. Mwenye bastola akiona hivyo huilaumu risasi, pengine huulaumu mtutu, kumbe amefunga springi mpya ya slaidi na kuziacha za magazini zilizochoka. Wapo pia wanaonunua springi ngumu kuliko ya kiwandani wakiamini kwamba mshtuko mkononi utapungua. Springi hiyo huweza kuizuia slaidi isifike mwisho wa safari yake, ganda likakwama mlangoni, na wakati wa kurudi slaidi huipiga bastola mbele kwa nguvu kiasi cha kuivuruga shabaha. Ushauri wangu ni kubaki na nguvu ile ile aliyoichagua mtengenezaji, isipokuwa una sababu mahususi na umeijaribu kwa risasi za kutosha.

Springi ya slaidi iliyochoka huonekana kwa dalili kadhaa. Maganda huanza kurushwa mbali kuliko ilivyokuwa, mshtuko mkononi huwa mkali, na fremu huanza kuonyesha alama za kugongwa pale slaidi inapokomea. Mwishowe slaidi hushindwa kujifunga kikamilifu, hasa bastola ikiwa na uchafu. Magazini dhaifu nayo hujitambulisha kwa slaidi kutobaki wazi baada ya risasi ya mwisho, kwa sababu kibao cha kusukumia risasi hakina tena nguvu ya kuinua kizuizi kinachoishikilia slaidi nyuma. Hata hivyo sipendi kusubiri dalili. Kwa bastola ya ukubwa wa kawaida, ratiba inayotajwa mara nyingi ni kati ya risasi 3,000 na 5,000, na baadhi ya zile fupi kabisa za mfumo wa M1911 hupangiwa chini ya risasi 1,000. Kitabu cha bastola yako ndicho cha kufuatwa kwanza, na hesabu ya risasi iandikwe, isiachiwe kumbukumbu.

Kazi yenyewe huanza kwa kuhakikisha kwamba silaha haina risasi, na katika hili sina mzaha hata kidogo. Magazini hutolewa kwanza, ndipo slaidi huvutwa, kwa sababu ukigeuza mpangilio huo utakuwa umeitoa risasi moja na kuiingiza nyingine. Slaidi ikiwa wazi, chemba hutazamwa kwenye mwanga na huguswa kwa ncha ya kidole. Risasi zote zihamishiwe chumba kingine, na miwani ya kinga ivaliwe, maana springi iliyobanwa ikiponyoka huelekea usoni kwa kasi. Katika bastola nyingi za kisasa springi na mhimili wake vimeunganishwa kuwa kitu kimoja, nacho hutoka mara slaidi inapoondolewa kwenye fremu. Kwa zile ambazo springi iko huru, mimi huweka kiganja kizima mbele ya kifuniko na kukilegeza taratibu nikiusikia msukumo ukipungua chini ya ngozi.

Springi ya zamani ikiwa mkononi, ilaze mezani kando ya mpya. Kwa kawaida utaiona ya zamani ni fupi, wakati mwingine kwa mizunguko kadhaa, na ukiikunja kidogo huenda ikaelekea upande mmoja. Urefu huo usikudanganye, kwani springi mpya pia hupungua kidogo katika misukumo yake ya mwanzo kisha hutulia, na hilo ni la kawaida. Usiivute ya zamani kwa mikono ili irefuke, wala usiikate. Springi iliyonyooshwa hurudi ilikokuwa upesi, na katika magazini hilo ni hatari zaidi kwa sababu hukupa imani isiyo na msingi. Kumbuka pia kwamba springi ya magazini ina upande wa juu na wa chini, na ule mzunguko wa mwisho unaokaa chini ya kibao lazima uelekee kama ulivyokuwa. Ni busara kuipiga picha kabla ya kuitoa.

Springi ya pini ya kugongea na ile ya ndoano ya kutolea ganda hudumu zaidi, na kuzifikia kunahitaji panchi na ujuzi. Asiye na uzoefu azipeleke kwa fundi wa silaha. Najua kuna springi laini za pini zinazouzwa ili kifyatulio kiwe chepesi, na katika bastola ya kujilinda siziafiki, kwa kuwa pini isiyopiga kwa nguvu huacha alama hafifu tu kwenye fataki, kile kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi, na risasi isifyatuke.

Baada ya kuifunga bastola, vuta slaidi mara kadhaa ikiwa tupu, hakikisha inabaki wazi juu ya magazini tupu, kisha uijaribu kwa risasi bandia. Kwa Glock kuna kipimo ambacho mafundi hukitumia: bastola tupu huelekezwa juu kwa nyuzi 45 upande ulio salama, kifyatulio kikiwa kimeshikiliwa nyuma, na slaidi iliyovutwa huachiliwa polepole kwa mkono. Ikisimama kabla ya kujifunga, springi haifai. Ndipo uende uwanjani na magazini zako zote, kila moja ikiwa na namba na tarehe ya springi yake, ukafyatue risasi zile zile unazokusudia kuzibeba, mpaka kila magazini iwe imejazwa na kumalizwa mara kadhaa pasipo kukwama.