Siku moja na upinde wenye kibanzi mgongoni

Saa 12 asubuhi. Louisville, Marekani, bado giza. Nimeingia gereji, ambayo ndiyo karakana yangu, na kikombe cha chai mkononi. Juu ya meza umelala upinde wa jirani, mzee wa Kimarekani anayewinda kulungu. Tumboni, upande unaomtazama mpigaji, ni mti wa Osage, manjano kama binzari. Mgongoni, upande wa pili, umebandikwa ubao wa hikori, mti mwingine mgumu, unene milimita 3 hivi. Ukivuta upinde, tumbo linabanwa na mgongo unavutika, na hapo mgongoni, kwenye mkono wa juu, yaani nusu ya juu ya upinde, kibanzi cha sentimita 4 kimenyanyuka.

Saa 1. Nikapitisha kipande cha pamba polepole kutoka ncha hadi ncha. Pamba hunasa pale jicho linapopita tu. Ikanasa mara mbili! Mzee aliniambia kibanzi ni kimoja. Cha pili kiko karibu na mshikio, chembamba kama unywele. Sababu inaonekana: aliyepasua hikori hakufuata nyuzi za mti, zikatokezea pembeni. Nikazungushia alama za penseli.

Binti yangu, begi la shule mgongoni, akachungulia. "Baba, si uking'oe tu?"

"Nikiking'oa kitachuna na wenzake hadi nchani, mama."

Hakuridhika. Kusema kweli, hata mimi vidole vilikuwa vinawasha.

Saa 2 hadi saa 6 ni kabati za jiko za mteja mwingine. Ndizo zinazolipa kodi.

Saa 6 na nusu. Nimeupinda upinde kidogo sana, ufa ukafumbua mdomo, nikadondosha supaglu nyepesi, ile ya majimaji. Nzito haifai, inaganda juu na ndani kunabaki pakavu. Nikauachia, nikafunika kwa nailoni, nikaweka kibao na kukaza klampu mbili. Kidole gumba nacho kikagandia nailoni, kama kawaida. Gundi hii hushika kwa dakika chache, lakini nimeiacha saa mbili. Sina haraka na kitu kinachoweza kumpasukia mtu usoni.

Saa 9. Msasa, kwa kufuata urefu wa nyuzi, kamwe si kukatiza. Kingo za hikori zilikuwa kali, nimeziviringisha, maana vibanzi hupenda kuanzia pembeni. Kisha uzi wa kitani. Nimezungusha mizunguko iliyobanana, nikaanza sentimita moja kabla ya ufa na kumalizia sentimita moja baada yake, nikalowesha kwa gundi. Kile chembamba nacho nimekifanyia vivyo hivyo. Sasa upinde una bandeji mbili, na mimi naziona zinapendeza kuliko vanishi ya awali.

Saa 12 jioni. Nimeutundika kwenye gogo la kupimia, kamba ikapita kwenye kapi, nikasimama mbali na miwani machoni. Nikauvuta inchi 10, mara ishirini. Inchi 15, mara ishirini. Kwenye inchi 20 ukalia *tik*, moyo ukanishuka. Nikapitisha pamba tena: haikunasa popote. Ilikuwa kamba imeteleza kwenye kapi.

Saa 1 usiku umefika inchi 24. Mzee akatokea mlangoni, msimu wa kuwinda unakaribia, anataka kuuvuta mwenyewe hadi inchi 28 zake.

"Kesho, mzee wangu."

Akaguna. Nikaufungua upote, nikautundika ukutani. Inchi nne zilizobaki zinangoja gundi ya uzi ikauke kabisa.