Nilivyomdanganya mama kuhusu bumu

Bumu langu la kwanza (hela ya kujikimu chuoni kutoka bodi ya mikopo) liliingia saa nne asubuhi tuko kwenye kipindi, simu zikaanza kutetemeka darasa zima hadi mwalimu akacheka. Elfu kumi kwa siku mara siku 60, laki sita hiyo, na mimi mtoto wa mkulima wa mahindi Songea nilikuwa sijawahi kushika hata laki mbili ya kwangu mwenyewe. Dodoma yote nikaiona ndogo.

Simu ikala laki tatu na nusu. Nikasema ni ya kusomea (wiki ile kila aliyenunua simu alisema ya kusomea, na madesa, yaani notsi, tuliendelea kutoa kopi stationari kama kawaida). Raba elfu 45, deni la rumeti elfu 60 maana tulivyokuwa tunasubiri bumu ndo alikuwa ananilisha. Siku ya 19 nahesabu nina elfu 23 na siku 41 mbele. Kilichoniuma nilipokaa kupiga hesabu ni kwamba msosi wala haukuwa tatizo, chakula kilikuwa kinakula kama elfu sita na kitu kwa siku, yaani nisingenunua ile simu ningemaliza na chenji juu.

Nikampigia mama. Shikamoo, marahaba, hujambo mwanangu, afu nikasema bumu bado halijaingia mama, bodi wanachelewesha. Wala sauti haikutetemeka. Kesho yake ikaingia elfu 40 na ya kutolea juu, akaniambia ameuza debe mbili za mahindi, nisiache kula. Jioni ile nilikula wali maharage kwa mama ntilie haukupita kooni vizuri, simu mpya iko mezani inang'aa.

Halafu ile hela sio hata zawadi, ni mkopo, nikipata kazi nitakatwa 15% ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Kwa hiyo ile simu nitailipa nikiwa mtu mzima nina mke na watoto, na muda huo itakuwa imeshakufa zamani (kioo kilipasuka mwezi wa tatu).

Bumu la pili sikununua kitu. Mimi na rumeti tulichanga mtungi mdogo wa gesi, mchele kilo kumi, maharage, mafuta lita tatu, dagaa, tukawa tunapika geto kwa zamu. Zamu yangu wali unaungua chini unakuwa mbichi juu, mpaka leo sielewi unafanyaje hivyo. Sapu (mtihani wa kurudia) niliyopata semesta ile siielezi, ni uzembe tu, niliingia kwenye tesiti kichwani nina nusu desa.

Likizo nikiwa nyumbani, tunapukuchua mahindi mimi na mama, nikajikaza nikasema mama lile bumu la kwanza lilikuwa limeingia. Akaendelea kupukuchua. Akasema nilijua, mwenzio wa hapo jirani aliwaambia kwao siku ileile limeingia.

Nikamuuliza sasa mbona ulituma?

"Ungekula nini?" Akanyamaza kidogo, akakung'uta ungo. "Ila zile debe mbili nazitaka."

Nimesharudisha moja.