Siku moja maishani mwangu: fundi baiskeli, sensa mbili na tepu

Saa 12:50 asubuhi

Kabla sijatoka nyumbani nainyanyua baiskeli nyuma kidogo, nazungusha pedali raundi mbili tatu huku naangalia skrini ya kompyuta ya baiskeli, kile kidude cha kwenye usukani kinachoonyesha spidi. Sensa, yaani vidude vinavyohisi tairi na pedali zikizunguka na kuipa kompyuta namba, za siku hizi zinalala zikikaa bila kutikiswa kwa hiyo lazima uziamshe, na ile ya pedali ikichelewa kuitika najua betri imeanza kuchoka, ni ile ya duara CR2032, huwa natembea na moja ya akiba kwenye mfuko wa tandiko. Leo zote zimeitika. Twende.

Njiani naangalia namba mbili tu, spidi na kedensi. Kedensi ni mizunguko ya pedali kwa dakika moja, basi. Nilipofika kwenye mlima ikashuka kutoka 85 mpaka 62 kabla hata miguu haijaniambia kwamba gia ni nzito, nikashusha gia moja nikaendelea. Watu wananiuliza hiyo namba ina kazi gani, ndo kazi yake hiyo, inakuambia mapema kitu ambacho mapaja yatakuambia baadae ukiwa umeshachoka.

Saa 2:10

Sijamaliza kutoa vifaa nje dada mmoja ameshafika, ana baiskeli ya barabarani safi kabisa, ila amekunja uso.

"Fundi nataka kompyuta mpya, hii inanidanganya."

"Inakudanganyaje dada?"

"Jumapili tumezunguka pamoja, wenzangu wote wamepata kilomita 60 mi nimepata 59. Na si mara moja, kila tukitoka yangu iko nyuma."

Hapo nikashajua pa kuanzia. Kifaa kikiharibika kinarukaruka, mara 0, mara 70 wakati umesimama. Kikiwa kinakosea kwa kiasi kilekile kila siku ujue kifaa ni kizima, kilichokosewa ni kipimo alichopewa. Nikaingia kwenye seting nikakuta 2055, yaani milimita 2055, urefu ambao tairi linasafiri kwa raundi moja. Kwenye jedwali la saizi za tairi hiyo ni namba ya tairi la 26 kwa 2.00, na yeye ana 700 kwa 25 ambayo kwenye jedwali ni 2105.

Ni hivi, kompyuta ya baiskeli yenye sensa ya tairi haijui barabara wala haijui mita. Inahesabu tairi limezunguka mara ngapi halafu inazidisha kwa namba uliyoiandikia wewe. Ukiiandikia namba ya tairi la mtu mwingine itakupa safari ya mtu mwingine, na itakupa kwa uaminifu kabisa, kila siku.

Nikamwambia ukweli, dada hii haijafa, tunabadilisha namba hapa dakika tano unaondoka zako. Ningeweza kukaa kimya niuze mpya lakini siwezi, angeenda kufungiwa mpya na mtu asiyepima angerudi palepale.

Akafikiri, akasema sawa, ila bado anataka nyingine kwa sababu hii haina kedensi, na siku nyingi jioni anaendesha ndani, baiskeli imefungwa kwenye trena, kile kifaa cha kukanyagia pedali ukiwa palepale, na huko ya kwake inaonyesha 0 mwanzo mwisho. Bila shaka, sensa yake iko kwenye foki ya mbele na ndani tairi la mbele halizunguki. Hapo sababu ya kununua ipo.

Saa 2:40

Kuchagua. Hapa ndo watu wengi wanakimbilia skrini kubwa na ramani, mi naanza na swali moja, unaendeshea wapi na unataka kujua nini.

Kama unataka ramani ya njia na rekodi ya safari, GPS utaihitaji. Ila GPS inapata spidi kwa kufuatilia mahali ulipo kwa satelaiti, kwa hiyo kwenye miti mizito, kati ya maghorofa au ndani ya handaki inayumba, ukifunga breki ghafla inachelewa kujua, na ndani ya nyumba haina cha kufuatilia kabisa maana hausogei. Sensa ya tairi haijali yote hayo. Na kedensi hakuna satelaiti itakayokupa, lazima kuwe na kitu kwenye pedali.

Sensa zenyewe ziko za sumaku na zisizo na sumaku. Ipo pia ya pamoja, kidude kimoja kinakaa kwenye bomba la chini linaloenda tairi la nyuma, kinasoma sumaku ya spoku upande mmoja na sumaku ya pedali upande wa pili. Ni nzuri ikishakaa, ila vitu vitatu lazima vielewane, kimoja kikisogea namba inapotea. Zisizo na sumaku zina kipima mwendo ndani, moja unaivisha habu, kile kitovu cha katikati ya tairi, nyingine unaifunga kwenye mkono wa pedali, na ukiwa na baiskeli mbili unazihamisha ndani ya dakika chache. Mi kwa mtu anayeendesha nje na ndani napendekeza hizo mbili, ya spidi ikae habu ya nyuma, na ziwe zinarusha namba kwa ANT+ na Bluetooth, njia mbili za mawasiliano bila waya, zote mbili ili zisimfunge kwenye kifaa kimoja. Akakubali.

Saa 3:15

Kazi ninayoipenda. Nilimwomba asiondoke kwanza maana kupima namuhitaji yeye mwenyewe juu ya baiskeli.

Upepo kwanza, nikajaza kama anavyojaza yeye siku zote, si kama ninavyopenda mimi. Nikaleta valvu ya tairi la nyuma chini kabisa, chaki kwenye sakafu hapohapo chini ya valvu, yeye amekaa kwenye tandiko kashika ukuta kwa mkono mmoja, mi nasukuma taratibu kwenye mstari ulionyooka, raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, valvu chini tena, chaki. Tepu ikasema mita 6 na sentimita 62... hapana, nikarudia kusoma vizuri, mita 6 na sentimita 27.6. Gawa kwa tatu ni milimita 2092.

Jedwali linasema 2105. Jedwali si baya ila halijui rimu yako ina upana gani, tairi limelika kiasi gani, umejaza upepo kiasi gani na una uzito gani ukikaa pale juu. Tofauti ya milimita 13 kwenye kilomita 100 inakuwa kama mita 620. Kwa mtu wa kwenda sokoni haina neno, kwa mtu anayefuata programu ya mazoezi na kulinganisha wiki hii na ile, ina neno. Kompyuta nyingi zenye GPS zinaweza kujipimia tairi zenyewe ukishatembea kidogo, na mimi sipingi, ila napima kwanza kwa mkono ili nikiona namba yake nijue kama imepatia.

Akaondoka, akasema atarudi saa 10.

Saa 4:30

Habu naifuta mafuta yote kwanza, mpira wa kufungia sensa ukikaa juu ya grisi sensa inazunguka peke yake juu ya habu na spidi inakuwa ya ajabu. Mipira inakuja saizi mbili tatu, chukua ule unaobana mpaka usikie unavutika. Ikishakaa haitakiwi kuyumba ukiisukuma kwa kidole.

Sensa ya pedali inakaa mkono wa kushoto, upande wa ndani. Kulia kuna gia na cheni hakuna nafasi. Sasa hapa ndugu zangu nawaomba sana, kati ya mkono wa pedali na bomba la fremu nafasi inaweza kuwa ya milimita chache tu. Ukishafunga zungusha pedali kinyumenyume raundi nzima, taratibu, na jicho lako liwe palepale. Miaka ya nyuma nilifunga moja bila kuzungusha, nilikuwa na foleni ya wateja, yule kijana hajafika mbali ikagonga fremu, mpira ukakatika, sensa ikapotea na rangi ya fremu ikachubuka. Nilimlipa sensa, ile rangi mpaka leo nikiikumbuka inaniuma.

Ya leo ilikuwa inapita kwa shida, nikaisogeza juu kidogo karibu na ekseli pale mkono unapopinda kwenda nje, ikapita huru.

Kompyuta nikaiweka mbele ya usukani, katikati. Unene wa usukani wake pale kati ni milimita 31.8, kishikio kikaingia sawasawa. Usukani ni wa kaboni kwa hiyo nakaza kwa spana ya kupimia nguvu, sikazi kwa hasira. Nikafunga na kile kikamba cha usalama. Namba kubwa zikae juu, jicho lishuke na kurudi barabarani haraka.

Saa 7:20 mchana

Mzee mmoja, mteja wangu wa muda mrefu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu, hii saa yangu usiku imepagawa."

Anaiita saa na mi nimeshazoea. Ni ile ya zamani isiyo na waya, sumaku kwenye spoku na sensa kwenye foki. Mchana iko nzima, usiku anasema inaonyesha 80 na amesimama. Nikamuuliza, taa umeweka wapi? Akanionyesha, iko kando ya kompyuta kabisa, zimegusana. Nikaiwasha, namba ikapanda papo hapo, nikazima ikashuka. Hizi za zamani mawimbi yake ni dhaifu na hayana utambulisho, nyingi haziendi zaidi ya sentimita 70 hivi, taa ya LED ikiwa karibu inampigia kelele msikilizaji. Nikahamishia taa upande wa pili wa usukani, shwari.

Nikiwa hapohapo nikaona sumaku imesogea. Ndani ya ile sensa kuna kimrija cha kioo chenye vibati viwili vyembamba, sumaku ikipita vinagusana, ikiondoka vinaachana, kila kugusana ni raundi moja. Sumaku ikiwa mbali havigusani. Nikairudisha milimita 3 hivi kutoka kwenye sensa, nikaikaza. Mzee akasema ile siku nyingine ilikuwa inakatikakatika kwenye mashimo, nikamwambia ndo hii sasa.

Saa 8:45

Kijana wa mbio, sensa yake mpya kompyuta haiioni. Amebadilisha betri, ameifungua mara tatu, karibu aitupe. Nikamwambia zima Bluetooth ya simu. Akanishangaa. Akazima, sekunde kumi tu sensa ikatokea kwenye skrini.

Simu ilikuwa imeishika. Bluetooth kwenye sensa nyingi inashikana na kifaa kimoja au viwili kwa wakati mmoja, wa kwanza akishika wa pili anakosa. ANT+ yenyewe inatangaza tu kama redio, anayesikia asikie. Kwa hiyo sensa usiiunganishe kwenye seting za simu, iunganishe kwenye kompyuta yenyewe. Na usiunganishe mkiwa kumi mstari wa kuanzia mbio, utachukua pedali ya jirani ushangae miguu yako imesimama na kedensi iko 95. Sogea pembeni, zungusha ya kwako peke yako, angalia namba ya utambulisho.

Saa 10:00

Dada amerudi. Nina jaribio moja silikosi kamwe na huwa nalifanya na mwenye baiskeli akiona. Nikaweka gia ya meno 34 mbele na 17 nyuma. 34 kwa 17 ni mbili kamili, kila raundi moja ya pedali tairi linazunguka mara mbili. Ukikanyaga 80 kwa dakika tairi ni 160, zidisha kwa mita 2.092 unapata mita 334 na kitu kwa dakika, ambayo ni kilomita 20 kwa saa. Kwa hiyo kwenye gia hiyo kedensi 80 lazima spidi iwe 20, na kedensi 60 lazima iwe 15. Sensa mbili ambazo hazijuani zikikupa namba zinazokubaliana, na tairi umelipima, kazi imekamilika.

Tukatoka mpaka barabarani akaendesha mbele yangu. Akarudi anasema 60 kwa 15 fundi, imekaa.

Ile ya zamani nikamwandikia 2092 pia, akasema atampa mdogo wake, nikamwambia basi mlete na baiskeli yake tupime upya.

Saa 12:40 jioni

Nimefagia, tepu na chaki nimerudisha kwenye droo yake. Simu ikalia, picha kutoka kwa yule dada, yuko kwenye trena nyumbani. Skrini imetoka vizuri, kedensi 80, spidi 20.1, na chini ameandika, "34 kwa 17 fundi, nimehesabu meno mwenyewe."