Kabla ya kuchagua rangi ya sebule, tazama sakafu

Wengi huanza na kadi ya rangi dukani, na hapo ndipo mambo huanza kuharibika. Ukuta ndicho kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha sebuleni. Tailizi hazing'olewi hivi hivi, na seti nzima ya makochi haitupwi eti kwa sababu haikupatana na rangi mpya. Anza na visivyohama, ukuta uvifuate.

Chukua karatasi nyeupe ya kuchapia, iweke juu ya tailizi mchana, karibu na dirisha. Ile uliyozoea kuiita krimu itajitaja: ina uwaridi ndani yake, au unjano, au ukijani kidogo. Fanya vivyo hivyo kwa kitambaa cha kochi. Krimu yenye uwaridi ikikutana na ukuta wa kijivu chenye ubuluu, sakafu huonekana chafu hata kama imepigwa deki asubuhi hiyo. Kijivu kilichotiwa hudhurungi kidogo kingetulia pale pale.

Halafu kuna kanuni ya 60, 30 na 10. Sehemu kubwa ya chumba, hasa kuta, ipate rangi moja tulivu. Makochi na mapazia yachukue asilimia 30. Iliyobaki iende kwenye mito, picha na chombo cha maua. Si hesabu ya rula. Inazuia tu kosa tunalolipenda sana: makochi damu ya mzee, mapazia ya dhahabu, zulia jekundu lenye maua, kila kimoja kinadai kutazamwa chenyewe. Kama seti hiyo unayo tayari, usiongeze ukuta mkali. Tafuta ndani ya zulia rangi iliyo hafifu kuliko zote, hiyo ndiyo uipeleke ukutani.

Kwenye mwanga, jihadhari na ushauri wa Ulaya. Kule husemwa kwamba chumba kinachotazama kaskazini ni baridi mwaka mzima, kwa hiyo kipakwe rangi za joto. Dar es Salaam jua la mchana linakuwa upande wa kaskazini mwezi Juni, na Desemba limehamia kusini, kwa hiyo kanuni hiyo haina maana kwetu. Kinachotusumbua ni magharibi. Dirisha la upande huo huingiza mwanga wa rangi ya chungwa kuanzia alasiri, na ukuta wa pichi au njano uliopendeza saa nne asubuhi unakuwa kama unawaka. Chumba hicho kipe kijani cha majivu, au nyeupe isiyo na unjano. Tazama pia kilicho nje: ukuta mwekundu wa jirani au mwembe mkubwa hutupa rangi yake ndani.

Usiku ni habari nyingine. Soma kwenye boksi la balbu namba yenye K, kipimo cha rangi ya mwanga. 6500K ni mwanga mweupe wenye ubuluu, nao huipausha krimu ikaonekana kama ina homa. 3000K ni wa njano, huipa uhai. Kubadilisha balbu ni nafuu kuliko kupaka upya, ila watu hawaamini mpaka waone.

Jaribu kwanza. Paka kipande cha ubao mwembamba au kadibodi nyeupe, sentimita 50 kwa 50, mikono miwili (yaani tabaka mbili za rangi), kikauke kabisa. Usipake moja kwa moja juu ya ukuta wa zamani, maana jicho litakuwa linalinganisha na rangi ya zamani inayokizunguka. Kisimamishe kwenye kila ukuta, ukitazame saa tatu asubuhi, saa kumi jioni, na usiku taa zikiwaka. Kama unasitasita kati ya kilichokolea na hafifu, chukua hafifu: kuta nne zikitazamana huakisiana, na rangi hukolea kuliko ilivyo kwenye kadi.

Sasa kiasi. Chumba cha mita 4 kwa 5, kimo 2.8, kina takriban mita za mraba 50 za ukuta. Toa mlango na madirisha mawili, inabaki kama 45. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili ni lita 9: makopo mawili ya lita 4 na moja la lita 1. Ukuta mkavu usio na prima, yaani rangi ya kwanza ya kuziba ukuta, hunywa zaidi. Rangi ikichanganywa dukani, chukua yote kwa mkupuo na uimimine pamoja kwenye ndoo kubwa kabla ya kuanza, la sivyo kopo la mwisho litaonekana ukutani.

Fundi atakushawishi uchukue silki, rangi yenye mng'ao kidogo, kwa kuwa inaoshwa. Kwenye korido ya watoto yuko sawa. Lakini kwenye ukuta mrefu unaopigwa na mwanga wa dirisha kwa ubavu, mng'ao wa silki huanika kila wimbi la plasta na kila njia ya rola. Hapo paka isiyong'aa, au ulipie skimu (plasta laini ya kusawazisha ukuta) na msasa kwanza.