Usiku wa kuamkia lini?

Nimelala saa tatu asubuhi nimeamka saa nane mchana kichwa kizito, naandika hii kabla sijarudi shifti maana nikiiacha hadi wiki ijayo najijua, nitaipamba.

Kwa asiyejua, mimi kazi yangu ni kupanga ratiba ya darubini. Sio kuangalia nyota. Watu wakisikia nafanya kazi kituo cha anga wanauliza nyota yao inasemaje mwaka huu, nimeshachoka kueleza kwamba mnajimu wanayemtafuta ni mtu mwingine. Mimi nagawa giza. Kioo ni kimoja, kamera moja, spektrografu moja (kifaa cha kuchambua mwanga rangi kwa rangi), na vyuo vinavyochangia gharama ni kadhaa, kila kimoja kina fungu lake la usiku kwa mujibu wa mkataba, halafu kila miezi 6 yanamwagika maombi kuliko usiku tulionao. Na wala sio sisi tu. Darubini ya James Webb huko angani, awamu yake ya 4 ya maombi ilipata maombi 2,377, jumla kama saa 78,000 hivi, na mwaka mzima ukiuhesabu una saa 8,760 tu. Kwa hiyo mtu akinipigia simu analalamika amepata nusu usiku badala ya usiku mzima namsikiliza, namwonea huruma, halafu nafunga kabrasha.

Kamati inapima sayansi, ikimaliza inanikabidhi orodha na hapo ndio kazi yangu inaanza, kuipanga ile orodha juu ya mbingu, na mbingu haina mjadala. Nyota inachomoza dakika 4 mapema kila siku, ndani ya mwezi ni saa 2, maana yake kitu ambacho leo kiko utosini saa sita usiku baada ya miezi mitatu kinakuwa kinazama muda huo huo. Kikiwa nyuzi 30 tu juu ya upeo mwanga wake unapita kwenye hewa nene mara mbili kuliko kikiwa utosini, kwa hiyo siwezi kumwambia mtu "si bado unakiona?", anakiona ndio lakini data inakuwa tope. Mwezi nao. Wa galaksi hafifu wanataka usiku wa kiza kabisa, wa nyota angavu na wa infraredi ndio nawasukumia mwezi mpevu, na wanalalamika, kwa adabu, lakini wanalalamika.

Kuna namna mbili za kugawa. Moja unampa mtu usiku wake, kwa tarehe, akipata mawingu basi ndio riziki yake. Ya pili ni foleni, maombi yote yanakaa kwenye kompyuta na opereta anachagua kulingana na hali ya dakika ile, hewa ikitulia anafanya yanayotaka hewa tulivu, ikichafuka anafanya ya wavumilivu. SALT, ile darubini kubwa ya Sutherland Afrika Kusini, wanatumia foleni, kituo cha Paranal kule Chile wana zote mbili. Sisi pia zote mbili, na nikiulizwa ningesema foleni tupu, ila watu wanapenda usiku wenye jina lao, na mwanafunzi hawezi kujifunza darubini kwa kutumiwa faili.

Sasa tukio lenyewe.

Kuna kundi linafuatilia sayari inayopita mbele ya nyota yake. Sayari kubwa kama Mshtarii ikipita mbele ya nyota kama jua letu inapunguza mwanga kwa asilimia 1 hivi, basi, asilimia moja, kwa hiyo unahitaji saa nzima kabla na saa nzima baada ili ujue mwanga wa kawaida ni upi. Na huwezi kuiambia isubiri. Kwenye fomu yao waliandika vizuri kabisa: katikati ya mpito, tarehe 15, 00:20 UT, yaani saa ya kimataifa. Mimi nikasoma tarehe 15, nikaenda kwenye kalenda, nikawaweka usiku wa tarehe 15. Nusu ya pili. Nikapaka rangi ya kijani nikasonga mbele.

Umeona? 00:20 ya tarehe 15 ni usiku ulioanza tarehe 14. Niliwachelewesha siku nzima.

Kinachoniuma ni kwamba lugha yangu mwenyewe ilishalimaliza hili tatizo zamani. Mtu akifariki, akizaliwa, mvua ikiezua mabati, tunasema usiku wa kuamkia Jumanne, na hakuna anayebaki anajiuliza ni usiku gani. Wanaastronomia nao walikuwa na akili hiyo, mpaka mwisho wa 1924 siku yao rasmi ilikuwa inaanza adhuhuri ili usiku mmoja usikatwe na tarehe mbili, na hesabu ya siku za Julian, ile wanayohesabia siku mfululizo bila miezi wala miaka, mpaka leo inabadilika saa sita mchana. Halafu 1925 wakahamia usiku wa manane kama dunia nyingine, na sisi wa ratiba tukaachiwa mzigo. Ongeza kwamba mimi kichwani nahesabu saa za Kiswahili, nikisema saa nane usiku laptopu inaandika 2:00 na skrini ya darubini inaandika UT, muda mmoja unavaa nguo tatu. Nalijua hili. Ndio mimi huwa nawafundisha waliokuja juzi!

Basi tarehe 14 saa kumi na moja jioni simu inaita, opereta. "Dada, kuna makundi mawili kwenye laini na wote wanasema nusu ya pili ni yao." Nikacheka kwanza, nikadhani ni utani. Wa sayari walikuwa wameshaingia kwenye mfumo, wanauliza filta ipo. Ratiba niliwatumia wiki nyingi nyuma, hawakuisoma, walifuata hesabu yao wenyewe na hesabu yao ilikuwa sahihi. Na upande wa pili alikuwepo mwanafunzi mmoja wa galaksi, yuko peke yake, anakagua orodha yake ya nyota za kulinganishia, na usiku ule ulikuwa wake kweli, umeandikwa, una jina lake, usiku wa kiza safi.

Nikafungua mkataba ingawa naujua kwa moyo. Ratiba iliyochapishwa ndiyo inayoshinda. Sheria za namna hiyo zipo kila palipo na watu wengi, hata kule kilele cha Mauna Kea, Hawaii, ambako darubini kadhaa zinakaa kilima kimoja na nyingine zinarusha leza ya rangi ya chungwa kwenda juu kupima mtikisiko wa hewa, kompyuta inakaa inaangalia mwale wa huyu usikatize anapoangalia yule, na kanuni waliyoanza nayo ilikuwa rahisi, aliyetangulia kulenga ndiye mwenye haki. Safi sana, hakuna wa kubembeleza. Kwa sheria yetu yule binti alikuwa na haki asilimia mia na wa sayari wangeenda kulala.

Ila galaksi zitakuwepo mwezi ujao. Mpito ule, nikipiga hesabu ya mzunguko wa sayari na mchana wetu na usiku wetu, usingerudi tena kwa saa inayofaa kabla nyota yao haijapotelea upande wa jua.

Nikampigia kwa video. Nikamweleza yote, sikuzunguka, nikasema kosa ni langu, fomu yao ilikuwa sawa. Nikamwambia nina nusu usiku wa matengenezo siku 5 mbele, mwezi bado mwembamba, mafundi wako tayari kuuachia, atapata saa zile zile. Akakaa kimya. Nyuma yake kulikuwa na ubao mweupe umejaa majina ya galaksi, mengine yamekatwa mstari, na nikagundua yale ya mstari ni yaliyokwisha fanywa muhula uliopita na ambayo hayajakatwa ni ya usiku ule. Akauliza, "Naweza kukataa?"

Nikasema ndiyo. Na nilimaanisha, maana kama asingeweza kukataa basi sikuwa namuomba, nilikuwa namtangazia.

"Basi wachukue," akasema, na akazima kamera yake haraka kidogo kuliko kawaida.

Nataka niwe mkweli hapa, kuvurugwa kwa ratiba kwangu ni kitu cha kila wiki na sikiogopi. Tarehe 17 Agosti 2017, zile nyota mbili za nyutroni (mabaki mazito ya nyota zilizokufa) zilipogongana, mawimbi ya uvutano yalifika duniani saa 12:41 UT na giza lilipoingia Chile watu walifungua kuba wakijua galaksi zinazowindwa ziko chini upande wa magharibi na zinazama mapema, na darubini ya Swope, kioo cha mita 1 tu, ndiyo iliyoiona ile nuru mpya kwenye galaksi ya NGC 4993. Sidhani usiku ule kuna mtu alikuwa na hamu ya kubishania fungu lake. Hiyo ni dharura, ina kifungu chake, ina fomu, anayenyang'anywa anajua ananyang'anywa na nini. Hapa kwetu nyota hazikugongana, nilisoma tarehe vibaya na nikamnyang'anya mtu.

Usiku wa sayari ulienda kama umepakwa mafuta. Hewa imetulia, nukta zinajipanga kwenye skrini moja moja, halafu taratibu zinaanza kushuka, unafikiri ni macho, halafu sio macho, zimeshuka kweli, zinatambaa chini kwa saa mbili na nusu, halafu zinapanda. Opereta akapiga meza kwa furaha. Mimi nikafurahi pia, siwezi kudanganya.

Jana ndio ilikuwa zamu ya kulipa. Usiku wa jana kuamkia leo, naandika hivyo kwa makusudi.

Jua limezama vizuri, anga jekundu, hamna wingu. Saa mbili usiku unyevu asilimia 60. Saa nne 71. Sisi tunafunga ikifika 85, kioo kikilowa umande kikachanganyika na vumbi ndio umeharibu alumini na kupaka upya ni kazi ya siku kadhaa bila darubini, kwa hiyo hapo hatuna mchezo. Saa sita kasorobo tuko 83 na binti yuko kwenye laini, ameshapakia orodha, anaanza na kile kigumu kuliko vyote kwa sababu kingekuwa juu kabisa. Saa sita na dakika kumi 86. Kuba likafungwa. Sauti ya lile kuba likifunga unaisikia hata kwenye video, mlio mrefu halafu kishindo, na nikamwona amesikia.

Juu nyota zote zinaonekana, ndio ukatili wa unyevu, ukitoka nje unaona anga safi unasema hawa wanafunga nini.

Akasubiri. Nilimwambia anaweza kulala nitamwamsha ikishuka, akasema hapana anakaa. Saa nane 88. Saa tisa 91. Tukaongea mambo mengine, alinionyesha spektra ya muhula uliopita, ana jicho zuri, aliona mstari mmoja ambao mimi ningeupita. Saa kumi 90. Jua likafika nyuzi 18 chini ya upeo, ambapo kwa wa galaksi usiku ndio umeisha hata kama macho bado yanaona giza, akasema asante na usiku mwema, ingawa ilikuwa alfajiri, na akauliza muhula ujao fomu zinafunguliwa lini.

Asubuhi ile kabla sijalala nilirekebisha fomu. Pale palipoandikwa tarehe sasa pana visanduku viwili, tarehe jua linapozama na tarehe jua linapochomoza, ukijaza zisizofuatana mfumo unakataa. Imenichukua dakika ishirini, nusu yake kutafuta nywila.

Halafu nikajaza kumbukumbu ya usiku. Kila usiku inabidi tuandike saa zilizopotea na sababu yake, na sababu ziko mbili tu za kuchagua, hali ya hewa au hitilafu ya mtambo. Nikaandika saa 4.5. Nikashikilia mausi pale muda mrefu. Hakuna sehemu ya ratiba, hakuna sehemu ya mpangaji. Nikachagua hali ya hewa.