Siku moja na mahujaji mbele ya madhabahu za Aradi

Saa 11 alfajiri, Bethlehemu. Naongoza mahujaji kutoka Tanzania na Kenya, na leo ni zamu ya jumba la makumbusho la Yerusalemu. Kabla hawajaamka nafungua Kutoka 25, futi kamba mkononi. Nikihesabu dhiraa kwa sentimeta 45, sanduku la agano linakuja kama sentimeta 112 kwa 68. Napima juu ya meza ya chumbani: meza inabaki. Lilitakiwa kubebeka mabegani, kwa miti miwili iliyopita kwenye pete na isiyotolewa kamwe.

Saa 2 asubuhi, ndani ya basi. Kijana anauliza kinara cha dhahabu kilikuwa cha nini. Namwambia afikirie hema ya ibada ya wakati wa Musa, iliyofunikwa kwa tabaka nne: kuhani angeonaje? Zile taa saba zilimulika meza ya mikate 12, iliyobadilishwa kila Sabato. Birika la shaba lilikuwa la kunawa mikono na miguu kabla ya kuhudumu. Kila chombo kilikuwa na kazi yake, na hilo ndilo nataka watu wangu walishike kuliko jambo lingine lolote.

Saa 4. Ndani ya makumbusho, tumefika mbele ya patakatifu palipoletwa kutoka hekalu dogo la ngome ya Aradi, Yuda ya kusini, la karne ya 8 kabla ya Kristo. Mwingilio wake una madhabahu mbili za kufukizia, za mawe ya chokaa. Kubwa ina sentimeta 52, ndogo 40, hata kiunoni hazifiki. Juu yake kumebaki weusi wa vitu vilivyoungua. Mama mmoja wa Tanga, mtu mzima, anainama mpaka kioo cha miwani yake kinakaribia kugusa kizuizi. "Mwanangu," ananiambia, "hiki si chetezo?" Ndicho, mama. Hakuna kitabu kilichowahi kunieleza vizuri hivyo.

Kisha linakuja lililo gumu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020 ulikuta ubani na mafuta ya mnyama kwenye madhabahu kubwa, na kwenye ndogo bangi iliyochanganywa na samadi ili iungue polepole. Mchungaji wetu ananyamaza, kisha anauliza kama nina hakika. Ndiyo, baba mchungaji. Uvumba wa Kutoka 30 ni natafi, shekelethi, kelbena na ubani safi, bangi haimo. Lakini watu wa Aradi walifukiza walichofukiza, na mimi sitawaficha mahujaji wangu.

Saa 6 mchana, bado makumbushoni, madhabahu yenye pembe ya Beer-sheba, mji wa kale wa Yuda. Mawe yake yalikutwa yamejengewa ukuta wa ghala, moja limechorwa nyoka. Tena yamechongwa, wakati Kutoka 20 inakataza kuchonga jiwe la madhabahu kwa chombo. Hapa tunakaa muda mrefu, chakula cha mchana kinachelewa, na hakuna anayelalamika.

Alasiri ni foleni na joto tu.

Saa 3 usiku. Kesho tunakwenda Aradi kwenyewe, kuona madhabahu ya sadaka ya kuteketezwa: udongo na mawe yasiyochongwa, karibu dhiraa tano kila upande, kipimo cha Kutoka 27. Mlango unagongwa. Ni mama wa Tanga, anaomba futi kamba. Anataka kupima mwenyewe.